Mashine ya Mkungu Mmoja

Jumatano ya Majivu, mwaka ule wa vita, Domisiana alitoka kanisani na jivu lake kwenye paji la uso, akamkuta Ildefonce, mwenyekiti wa kijiji, amesimama njiani na baiskeli. Alikuwa akimngoja yeye. Mwanamke aliyefiwa na mume hapendi kungojwa na mwenyekiti. Lakini Domisiana alikuwa mtu wa kutembea taratibu hata moyo ukimwenda mbio, basi akafika, akasalimia.

"Mama Adelfina," Ildefonce alimwita kwa jina la binti yake, "lile shamba la migomba kule juu tutalifyeka. Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

Shamba hilo zamani lilikuwa la Novatus, mumewe. Watu walipohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, pale karibu na Nyakisasa, shamba likawa la wote, na Domisiana hakunung'unika, maana migomba ilibaki imesimama. Novatus alizikwa humo humo, kwenye kivuli cha migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Kila Jumapili mjane wake alipanda kilima kwenda kumsalimu.

Tatizo ni kwamba ndizi zile hazikuwa za kupika. Zilikuwa za kukamua mtobe, yale maji ya ndizi matamu ambayo mtoto hunywa leo na baba yake huyangoja yachache anywe keshokutwa. Na kukamua ni kazi ya wanaume. Ndizi huvumbikwa shimoni mpaka ziive, humenywa, hutiwa ndani ya mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, kisha mwanamume huosha miguu na kuingia. Mguu wa mwanamke ukigusa mtumbwi, wazee walisema, mtobe unaharibika na mwaka wenyewe unaharibika. Sasa wanaume wote wenye nguvu walikuwa wamekwenda na mgambo tangu Novemba, ng'ambo ya mto Kagera. Waliobaki walikuwa na magoti mabovu. Mikungu iliiva, ikaanguka, ikaoza, na walioshiba walikuwa nyuki.

"Amri ni kwamba kila eka ilishe watu," Ildefonce aliendelea. "Hapo nitapanda muhogo."

"Muhogo utatulisha mwaka ujao, ndugu mwenyekiti. Mtobe unatulisha wiki hii. Sukari imekwisha dukani tangu Krismasi. Watoto wanakunywa uji wa chumvi."

"Mtobe upi? Nani ataukamua? Wewe?"

"Mashine."

Neno lilimtoka lenyewe. Ildefonce alicheka mpaka baiskeli ikamwegemea. Lakini hakuwa mtu mbaya, na alimheshimu marehemu Novatus, kwa hiyo alipomaliza kucheka aliuliza mashine yenyewe iko wapi.

"Bado haijatengenezwa," alisema Domisiana. "Nipe mpaka Pasaka. Jumatatu ya Pasaka nitakamua mkungu mmoja mbele ya kijiji kizima, bila mguu wa mwanamume. Nikishindwa, panga la kwanza nitalishika mimi."

"Mkungu mmoja tu?"

"Kwanza mmoja."

Wakakubaliana hivyo.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Ntirampeba, fundi seremala, ambaye mgambo walimwacha kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa. Ntirampeba alikuwa na mikono ya dhahabu na kichwa kisichojua kusimama. Domisiana hata hajamaliza kueleza, fundi alishachukua kijiti akaanza kuchora chini.

"Hapa gurudumu la mkokoteni. Hapa parafujo mbili za chuma, tutaziagiza Bukoba. Hapa bomba lenye koki. Juu paa, ili mvua isiingie. Na hapa benchi, wanaongoja waketi."

"Fundi, wa kuketi atatoka wapi na mashine hatuna?"

"Mama Adelfina, kitu kikitengenezwa kitengenezwe kikamilifu!"

"Mpaka parafujo zifike kutoka Bukoba, na magari yote yamekwenda vitani, mimi nitakuwa nachimba mashimo ya muhogo. Nataka kitu kidogo cha kukamua mkungu mmoja. Kibaya cha sura, sawa. Kikikamua, tutakivalisha nguo baadaye."

Ntirampeba alikitazama kijiti chake kwa huzuni, akafuta benchi, akafuta paa, akafuta koki. Gurudumu alilifuta mwisho kabisa.

Mashine ya kwanza ilikuwa ubao mzito juu ya beseni, na nguzo ndefu ya kukandamizia, kwa mfano wa mashine ya alizeti aliyowahi kuiona Domisiana kwa masista. Walimenya ndizi, wakatia, wakaning'inia kwenye nguzo watu watatu, yeye na fundi na jirani yake Speciosa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu mlima wa pili. Ubao ulishuka. Ndizi zikafurika pembeni kama ugali unaochemka. Maji, hata tone.

"Tumepata chakula cha mtoto asiye na meno," alisema Speciosa, akilamba kidole.

Domisiana hakucheka wala hakukasirika. Alikwenda kuketi shambani, akafumba macho, akamtafuta Novatus ndani ya mtumbwi kama alivyomwona kwa miaka ishirini: suruali imekunjwa hadi magotini, nyasi zimejaa kati ya vidole, anaimba. Na alipomtazama vizuri aliona jambo ambalo hakuwahi kulitilia maanani. Mume wake alikuwa hakanyagi. Alikuwa anasugua. Kisigino kinazunguka, vidole vinateleza, nyasi zinakwaruza ndizi mpaka zinaachia maji zenyewe.

Alirudi kwa fundi akihema. "Tulikosea. Mguu haukandamizi, unasugua! Na nyasi hatukuweka."

"Nyasi si ni za miguu?"

"Nyasi ndiyo mashine yenyewe, fundi. Mguu unaizungusha tu."

Mashine ya pili ilikuwa debe. Ntirampeba alipitisha katikati yake mti uliochomekwa vigingi pande zote, akaweka mkono wa kuzungushia, na chini akatoboa tundu la mwanzi. Wakatia ndizi, wakatia nyasi zile ngumu za kilimani, wakazungusha. Mara hii maji yalitoka, mekundu kidogo, mazuri, yanang'aa. Speciosa alipiga vigelegele akajaza kikombe, akanywa kwa mkupuo mmoja, akasimama wima.

"Jamani," alisema polepole, "mkiniwekea utambi, nitawaka."

Debe lilikuwa la mafuta ya taa. Walikuwa wameliosha kwa majivu mara tatu, na bado.

Kwa hiyo ya tatu ilibidi iwe ya mti. Gogo la kufaa alikuwa nalo Mzee Bukuru peke yake, ndiye mwangalizi wa mtumbwi wa kijiji na wa miiko yake. Walimkuta amekaa mlangoni anachonga mpini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia. Mnataka kuingia mtumbwini."

"Hatutaingia, mzee," alisema Domisiana. "Tunaomba gogo, tulichimbe, tulifunike. Hakuna mguu utakaoingia, wa mwanamke wala wa mwanamume."

Mzee alifikiri. "Gogo chukueni. Lakini siku hiyo nitakuja. Nitaketi mbele, na nitaangalia miguu yenu tu."

"Yangu umeanza kuiangalia zamani, babu," Speciosa alisema, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akaangusha mpini.

Gogo likachimbwa, likatiwa mti wa vigingi na mwanzi wa kutolea maji, likafunikwa kwa ubao. Domisiana hakungoja lipendeze. Aliwaita wanawake watano, akawaacha wazungushe mmoja mmoja, yeye akasimama pembeni akitazama mabega yao. Mfupi alisema mkono uko juu mno. Mwenye mtoto mgongoni alisema unamgonga mtoto. Ntirampeba alikata, akasogeza, akalalamika, akakata tena. Kila jioni kulikuwa na kikombe kimoja kimoja cha mtobe wa kutia kwenye uji, na kila kesho yake walikuja wanawake wengi kuliko jana.

Likabaki jambo la muda. Wakizungusha kidogo, ulitoka uji. Wakizidisha, mtobe uligeuka tope. Saa hakuwa nayo mtu. Domisiana, ambaye midomo yake haikupumzika na sala hata akichota maji, ndiye aliyegundua: ukianza rozari pamoja na kuzungusha, mtobe unaachia mwishoni mwa kumi la tatu la Salamu Maria. Si la pili, si la nne. Wakajaribu mara sita, na mara zote sita ikawa hivyo.

Jumatatu ya Pasaka kijiji kizima kilikuja. Wanawake walivaa vitenge vya kanisani, mashine ikawekwa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, na Mzee Bukuru akaweka kigoda chake hatua mbili kutoka pale, macho chini. Ildefonce alifika na panga ameliegesha kwenye baiskeli. Hakulitaja, lakini kila mtu aliliona. Domisiana aliliona wa kwanza.

Mkungu ulimenywa, nyasi zikatiwa, ubao ukafungwa. Speciosa, kwa sababu ya sauti yake, ndiye aliyekabidhiwa kusalisha. Domisiana akashika mkono wa mashine.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

"Ndugu wananchi," Ildefonce aliingilia, "huu ni mkutano wa kijiji. Mambo ya dini—"

"Ndugu mwenyekiti, hii ndiyo saa yetu," alisema Domisiana bila kuacha kuzungusha. "Ukiwa na nyingine tuazime."

Watu wakacheka, mwenyekiti akakaa.

Kumi la kwanza likapita, la pili likapita, la tatu likaisha. Ntirampeba akazibua mwanzi. Kila shingo ilirefuka. Ukatoka uji mzito, ukasimama kwenye ncha ya mwanzi, ukagoma hata kudondoka.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo hiyo?" na mwingine akacheka puani. Ntirampeba alianza kunong'ona kwamba angekuwa na parafujo. Ildefonce alisimama, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mama Adelfina, mmejitahidi. Hakuna asiyeona."

Domisiana alikuwa anatazama jasho kwenye shingo ya Speciosa, na kifua chake kilivyokuwa kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kukimbia. Akamsogelea.

"Speciosa, umesali vipi?"

"Kama siku zote!"

"Siku zote unasali hivyo? Mama wa Mungu hajapata hata nafasi ya kuitikia. Umezipitisha Salamu Maria thelathini kama mtu anayefukuzwa na mbwa."

Speciosa alishika mdomo. "Yesu wangu. Ni hawa watu, dada! Wananitazama!"

"Ziba mwanzi, fundi," Domisiana alisema. "Mwenyekiti, keti kidogo. Saa ilikuwa inakimbia."

Akaushika tena mkono wa mashine ili kufidia muda uliopungua, na safari hii alisalisha mwenyewe, kwa sauti yake ndogo ya kila siku, neno baada ya neno, kama anayepanga mayai kikapuni. Wanawake wakaitikia. Kwenye Salamu Maria ya tano waliitikia hata waliokuwa wamecheka puani. Aliusikia mkono ukiwa mzito, kisha, karibu na ya kumi, ukalegea ghafla, kama mguu uliokuwa topeni ukafika penye maji. Akaujua ule ulegevu. Lakini hakukata sala. Alimaliza kumi lote, akasema Atukuzwe Baba, ndipo akamwashiria fundi.

Mtobe ulitoka kwa nguvu ukampiga Ntirampeba shati. Uwanja ulilipuka. Vigelegele vilipanda mlima wa pili bila msaada wa Speciosa, maana yeye alikuwa amekaa chini analia na kucheka pamoja. Walijaza mtungi, wakajaza sufuria, na mwanzi ulikuwa bado unatiririka.

Kikombe cha kwanza Domisiana alimpelekea Mzee Bukuru kwa mikono miwili. Mzee alikunywa, akafunga macho, akangoja, kama anasikiliza mwaka kama umeharibika. Watu wakamngoja yeye.

"Mwiko ni mguu," alisema mwisho. "Nimekaa hapa tangu mwanzo. Sikuona mguu." Akanyoosha kikombe. "Ongeza."

Ildefonce alikunywa chake amesimama. Akanywa cha pili. Kisha akauliza mkungu kama huo unatoa vikombe vingapi, na mashine moja inaweza mikungu mingapi kwa siku, na Ntirampeba anaweza kutengeneza nyingine lini, kila nyumba kumi zipate ya kwao. Na alipokuwa anauliza, wanawake walikuwa wameshaanza kugombana nyumba kumi zipi zitangulie.

"Migomba ibaki," aliandika kwenye daftari lake, akasoma kwa sauti ili wote wasikie. Akaongeza kwa mdomo, "Na mtu asiniguse mgomba hata mmoja bila kumwuliza Mama Adelfina."

Watu wakaanza kumwita mwenyekiti atoe hotuba. Ildefonce alipenda hotuba, basi alianza mara moja, kuanzia uhuru. Domisiana alisikiliza mpaka neno "kujitegemea" lilipotajwa mara ya nne, akaona kwamba hakuna atakayemtafuta kwa dakika chache. Akamgusa Speciosa bega.

"Njoo. Kama watu hawa wote wanataka kunywa Jumamosi, ndizi lazima ziingie shimoni leo."

Wakapanda kilima pamoja, Speciosa akiimba Aleluya kwa sauti yake yote, Domisiana mbele akihesabu mikungu iliyokomaa. Alichagua mitatu. Akafikiri kidogo, akachagua wa nne.