Zulia la Ovaroli

Mama Dobi alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha la sebuleni, akichana shuka kuukuu, wakati muuguzi wa nyumba ya jirani alipopita kumpima presha na kukuta imeshuka.

"Unaona sasa?" muuguzi alisema, huku akimfungua mkanda wa kipimo mkononi. "Nilikwambia utafute kazi ya mikono, ya kujifurahisha tu."

Mama Dobi alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu, ndiyo maana jina hilo lilimganda. Tangu afiwe na mumewe presha ilikuwa inapanda na kichwa hakitulii. Mazulia ya vitambaa yalimtuliza. Alichana nguo zilizochoka kuwa vipande virefu, akakunja kingo kwa ndani, akavisuka kama anayemsuka mtu nywele, kisha akauzungusha msuko kuanzia katikati na kuushonea kwa uzi mnene, duara baada ya duara. Zulia la kwanza alilikaza uzi mno, likajikunja kama bakuli. Mwanawe, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alilivaa kichwani na kuuliza kama sasa anaweza kuajiriwa kulinda benki. La pili, la mapazia, lilitulia vizuri sakafuni.

La tatu alilishona kwa ovaroli za marehemu.

Zilikuwa za buluu iliyopauka. Mumewe alizivaa kwa miaka yote aliyofanya kazi katika chumba cha kusagia mawe, kwenye kiwanda cha vigae, na Mama Dobi alizifua kila mwisho wa wiki bila kuzimaliza vumbi. Mashuka ya hospitali yalitoka damu, yakatoka na dawa ya vidonda. Ovaroli zile, hata ukizikung'uta kutwa, hazikuacha kutoa unga mweupe laini kama poda ya mtoto. Alizichanganya na gauni lake la njano ili rangi ichangamke.

Siku alipomaliza alilitandika mbele ya kiti alichopenda kukalia marehemu, akaenda jikoni kumenya viazi. Zulia likakohoa.

Lilikohoa kikohozi kifupi, kifupi tena, kisha kirefu, likamalizia kwa filimbi nyembamba kama birika linalokaribia kuchemka. Mama Dobi aliijua filimbi ile. Alikuwa amelala kando yake kwa miaka.

"Pole, baba," alisema kutoka jikoni, akaendelea kumenya.

Jioni mkwewe, mke wa Kitinda, alirudi kutoka saluni alikokuwa akifanya kazi. Alivua viatu mlangoni, akasimama kidogo kusikiliza.

"Mama, hapo alipo anapigwa na upepo," alisema. Akaliburuta zulia hadi upande wa pili wa chumba, akafunga dirisha.

Baada ya hapo likawa jambo la nyumbani. Majirani walioingia walitoa pole kabla ya kuketi, na wengine waliliamkia kabisa. Asubuhi, kifua kilipokuwa kibaya zaidi, Mama Dobi alilitoa uani lipate jua. Hakulitundika kwenye kamba. Alililaza kwenye kiti, maana haikuwa adabu kumwanika mtu mzima.

Aliyepata taabu ni Kitinda. Hakulikanyaga hata siku moja. Alipita ukutani, ubavu ubavu, kama mtu anayekwepa dimbwi. Mzee alipofariki, kiwanda kilimwita yeye kuchukua nafasi iliyobaki wazi, na sasa alisimama mbele ya mashine ileile ya kusagia, mahali palepale aliposimama baba yake.

"Lile feni la kuvuta vumbi limetengenezwa?" mama yake alimuuliza mezani.

"Wanasema kipuri kimeagizwa."

"Baba yako naye aliambiwa kimeagizwa."

"Basi kiko njiani." Kitinda alicheka peke yake. Zulia likakohoa, naye akaacha kucheka.

"Acha kazi ile, mwanangu."

"Nikiacha tutakula nini, mama? Matambara?" Alimtupia jicho mkewe, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana chini ya gauni. "Mimi kifua changu kizima. Mzee alikuwa na kifua chake."

"Mzee alipoanza alikuwa na kifua kama hicho chako."

Mkwe aliinuka kukusanya sahani ingawa hakuna aliyekuwa amemaliza kula.

Kulikuwa na jambo ambalo Mama Dobi hakuwa amelimeza. Mumewe alipozidiwa, daktari wa kiwanda alimpima akasema ni sigara. Mzee hakuwahi kushika sigara maishani mwake. Hata mgeni akiwasha yake barazani, yeye aliondoka. Siku ile alirudi nyumbani amenyong'onyea, akamuuliza mkewe, kwa dhati kabisa, kama aliwahi kumwona akivuta usingizini.

Basi asubuhi moja Mama Dobi alilikunja zulia, akalifunika blanketi lisipate baridi njiani, akalipeleka zahanati ya kiwanda. Wafanyakazi waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walisogea kulipa nafasi. Mama Dobi alipoitwa na zulia lake, daktari alilitandaza kitandani. Alikuwa yuleyule, ila mvi zilikuwa zimeongezeka.

"Hali hii ina muda gani?"

"Tangu nilipofunga uzi."

"Linavuta sigara?"

"Ni zulia, daktari."

"Ndiyo. Na zamani je?"

"Zamani lilikuwa ovaroli."

Daktari aliweka kipimo masikioni, akaliwekea zulia upande wa pili wake. "Vuta pumzi," alisema kwa mazoea. Zulia likavuta. "Toa." Likatoa, na filimbi ikasikika mpaka nje kwenye benchi. Aliligeuza, akasikiliza mgongoni. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyomsikiliza mzee, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeitwa jina lake barabarani na mtu ambaye hakutaka kukutana naye.

"Ni vumbi," alisema kwa sauti ya chini. "Vumbi la mawe. Limeganda mpaka chini kabisa."

"Si sigara."

"Si sigara."

Mama Dobi alikuwa amelisubiri neno hilo kwa muda mrefu sana, hata lilipofika hakujua aliweke wapi.

"Basi mwambie meneja," alisema. "Mwanangu yuko ndani ya chumba kile sasa hivi tunavyoongea."

"Mama, ningekuwa na mfanyakazi mbele yangu, ningesema. Hili ni zulia. Nikienda kusema zulia linaumwa vumbi, wataniuliza nimelipimaje."

"Si umelipima?"

"Nimelipima." Daktari alifungua kabati akatoa chupa ya dawa ya kikohozi. "Kijiko asubuhi na kijiko jioni. Na lisilale kwenye sakafu yenye baridi."

Akitoka na zulia lake, Mama Dobi alikutana na meneja kwenye korido. Alikuwa mtu mchangamfu mwenye viatu vinavyong'aa, na alimfungulia Mama Dobi mlango kwa mkono wake mwenyewe. Aliona rangi ya njano ikichungulia kwenye blanketi, akaomba atazame.

"Kazi safi hii! Umeshona mwenyewe?" Zulia likakohoa. "Pole," meneja aliliambia, kisha akarudi kwa mama. "Chumba chetu cha mapokezi kimepooza mno. Hili lingekaa pale likapendeza. Tuachie, mama yangu, tutalitunza."

Mama Dobi alifikiri akiwa amesimama. Nyumbani zulia lilikuwa likiwakoholea watu waliokwisha kujua. Hapa lingewakoholea wanaopaswa kujua, kutwa, wakiingia na wakitoka, mpaka wachoke na kutengeneza feni. Alilitandaza mwenyewe chini ya dirisha la mapokezi, akalinyoosha kingo, akamwachia msichana wa mapokezi ile chupa ya dawa na kumweleza vijiko. Kisha akaenda zake upesi, kama mtu anayemwacha mgonjwa wodini na hataki kuonekana analia.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama alivyotarajia. Kitinda alileta habari: kikao kimesimama kwa sababu ya kikohozi, mhasibu amehamisha meza, meneja amefunga mlango wa ofisi yake ambao haukuwahi kufungwa. Mama Dobi alizisikiliza habari hizo huku akishona zulia dogo la fulana, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

Halafu wakazoea. Ukutani palibandikwa tangazo dogo la kuwaomba wageni wapaze sauti. Msichana wa mapokezi, mwenye moyo mzuri, aliliwekea zulia glasi ya maji kila asubuhi. Wanunuzi wa vigae walipokuja walitoa pole, wakauliza ni nani, wakaambiwa ni mmoja wa wazee wa kampuni, nao wakasema ni jambo la heshima kuona kampuni inayokumbuka watu wake. Kwenye sherehe ya wafanyakazi meneja alilitaja katika hotuba, na likapigiwa makofi. Feni lilibaki lilipokuwa, juu ya dari ya chumba cha kusagia. Ndege walikuwa wamejenga ndani yake.

"Hata mimi siku hizi nampita tu," Kitinda alisema. "Namwamkia, naenda."

Mama Dobi akaifuata njia ya kiwandani tena. Alipita nje ya madirisha ya chumba cha kusagia, akachungulia. Ndani kulikuwa kweupe pe, na watu walikuwa weupe kama waliopakwa unga. Mwanawe alimtambua kwa namna anavyoegemea mguu mmoja tu. Aliendelea hadi mapokezi akasema amekuja kulichukua zulia.

Meneja alitoka kumsikiliza. Alionekana kusikitika kweli.

"Lakini amezoea hapa, mama. Na sisi tumemzoea."

"Hilo ndilo linaloniuma."

Meneja alidhani ni utani, akacheka kwa adabu.

Mama Dobi aliinama kulikunja. Hapo zulia likabanwa na kikohozi kikali kuliko vyote vilivyopita, likatetemeka mpaka glasi ya maji ikapinduka. "Jamani, msimsumbue!" msichana wa mapokezi alisema, machozi yakimlengalenga. Mama Dobi alijua kwamba mtu hahamishwi akiwa katikati ya hali ile. Aliketi sakafuni, akalipigapiga polepole kwa kiganja kama alivyompigapiga mumewe mgongoni, mpaka ile filimbi ikapungua. Watu walipita wakitoa pole, wengine wakimpa yeye, wengine zulia. Alipoona limetulia aliinuka, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Nyumba ilikuwa kimya mno. Presha ikapanda. Muuguzi alikuja na kipimo chake, akatikisa kichwa, akamwambia aanze zulia lingine.

"Nguo kuukuu zimeniishia," Mama Dobi alisema, na haikuwa kweli.

Siku moja ya mapumziko, mchana, Kitinda akiwa ameketi nje na rafiki zake, mkwe alikuja ameshika ovaroli ya buluu. Sasa alitembea ameweka mkono kiunoni, tumbo limetangulia.

"Mama, hii ya mume wangu imepasuka kuanzia gotini mpaka kwenye pindo. Nikaona itakufaa kwa zulia."

Mama Dobi aliipokea. Aliiweka mapajani, na unga mweupe ukabaki kwenye sketi yake. Alichukua mkasi. Halafu, kabla ya kukata, aliinua kitambaa cha kifuani akakiweka sikioni.

Mkwe alisimama akisubiri. Nje wanaume walikuwa wakicheka, sauti ya Kitinda ikiwa juu ya zote.

Ndani ya kitambaa kulisikika sauti ndogo sana. Haikuwa kikohozi. Ilikuwa kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuanza kuzungumza.

"Vipi, mama?"

Mama Dobi alirudisha mkasi kwenye kikapu. "Niletee sindano," alisema, "na uzi wa buluu. Hii bado ina mwenyewe."

Alishona mchana ule wote. Alitia kiraka gotini, akakizungushia mshono mara ya pili, akakaza kila kifungo hata kilichokuwa kizima. Asubuhi iliyofuata Kitinda aliivaa, akajigeuza mbele ya mama yake kumwonyesha ilivyomkaa, akasema hata fundi wa mjini hawezi kazi kama ile. Kisha akachukua chakula chake, akaenda kazini.