Ulimi wa Dada, Kifua Changu

Wananiambia nihesabu, na dada Namkunda ananitafsiria, hesabu Naki, moja mpaka kumi, usiogope. Amesimama kichwani pangu akiwa amevalishwa joho la kijani na kofia ya karatasi, wamemruhusu aingie kwa sababu mimi sijui neno hata moja la Kituruki na yeye ameishi Istanbul miaka tisa. Nahesabu ndani ya barakoa inayonukia mpira mpya, mimi Nakiete, mshona magauni ya harusi wa Arusha, mama wa watoto watatu, niliyevuka bahari kuja kurudishiwa kifua nilichokuwa nacho kabla ya kunyonyesha, moja, mbili, tatu, na nikifika nne taa kubwa iliyo juu yangu inafunguka katikati kama milango ya kabati, nami naingia. Siumii. Natua kwa miguu yangu kwenye barabara nyeupe isiyo na mwisho, iliyopigwa deki muda si mrefu, ina milango pande zote mbili, na kila mlango ninaoutazama unakuwa ukuta, na kila ukuta nisioutazama unakuwa mlango. Mbele yangu pana mtu wa joho la kijani. Kati ya kofia yake na joho lake hakuna uso, pana ngozi tu, laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Namwuliza, hapa ni wapi? Na hapo nagundua kwamba maneno yananitoka bila kukwama, mimi ambaye nina kigugumizi tangu nizaliwe. Mtu wa kijani hanijibu nilichouliza. Anasema, Kitendawili. Nami, kwa kuwa nimelelewa, najibu, Tega. Anasema, Nimemtuma mtu dukani akaniletee kanga, amerudi na turubai. Nafikiri huku tunatembea, na barabara inajikunja na kujinyoosha chini ya miguu yetu, na jibu halinijii. Nipe mji basi, anasema. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukitoa miji kwa kucheka, chukua Mombasa, chukua Kigoma, miji ambayo hatujawahi kuiona. Sasa nasema, chukua Arusha, na papo hapo Arusha inasimama mbele yetu.

Inasimama lakini imegeuzwa, kama kitu kilichoandikwa kwenye kioo, mlima uko upande usio wake na kila nyumba mtaani ni duka langu, lile lile, cherehani mbili na kioo kirefu cha kujaribia nguo. Ndani ya kila duka mimi nimepiga magoti, pini zimejaa mdomoni, tepu shingoni, nampima bibi harusi. Miaka kumi na minne nimewapima wanawake vifua, najua kwa jicho tu gauni litakaa wapi na litalegea wapi, na miaka sita ya mwisho nikijipima mwenyewe jioni, mteja wa mwisho akishaondoka, naona kitu kilichomwagika. Mume wangu Eliapenda alisema, mimi nakutaka hivyo hivyo ulivyo, ila mwili ni wako, nenda. Sikwenda kwa ajili yake. Nilitaka kidogo tu, ukubwa wa ngumi yangu kila upande, gauni la kitenge likae bila kujazwa pedi. Namweleza haya mtu wa kijani. Mabibi harusi wote wanageuka kwa pamoja, na ndani ya vioo vyote ni mimi, na vifua vyangu vinakua, vinakua, vishikizo vinaruka na kugonga vioo, tak, tak, tak, na mimi niliyepiga magoti nashindwa kusema kwa sababu ya pini. Namvuta mtu wa kijani mkono, tuondoke. Anasema, Kitendawili. Tega. Nimefungua kinywa mimi, imetoka sauti ya mwingine. Hata hicho sikijui. Nampa Vudee.

Vudee yetu ya milimani, Upareni, inakuja na ukungu wake na mifereji yake, ila maji yanapanda mlima badala ya kushuka. Watu wote njiani hawana nyuso. Mama anapepeta mahindi ya makande na hana uso, namjua kwa mikono. Mmoja tu ana uso, msichana wa miaka kumi na moja anayenishika mkono kunipeleka dukani, na uso wake ni wa dada Namkunda. Mwenye duka ananiuliza, unataka nini wewe mtoto? Nasema, chu, chu, chu, na wavulana waliokaa juu ya magunia wanaanza kuniigiza, na dada anawageukia, anasema, anataka chumvi, mna shida gani nyie? Shuleni ni hivyo hivyo, ninaulizwa mimi anajibu yeye. Siku nilipoposwa wazee wananiuliza kama nimekubali, na kabla sijalimaliza neno dada ameshasema, amekubali, mnaona machozi hayo? Wote wanacheka, nami nacheka, maana ni kweli nimekubali. Sijawahi kumwona akisema nisichotaka. Watu wana miguu miwili na ulimi mmoja, mimi nilikuwa na dada. Alipokwenda Uturuki kuuza nguo nilikaa karibu mwaka mzima nikinunua vitu kwa kuonyesha kidole. Kwa hiyo aliponipigia simu na kusema, Naki, ile shida yako huku wanaitengeneza vizuri, njoo, mimi nitakuwa nawe mwanzo mpaka mwisho, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza, mara moja maishani mwangu nikawa mimi niliyemwahi mwingine.

Mtu wa kijani anatega cha tatu. Daraja langu linavuka mto, lakini mizigo inadondoka katikati. Nasimama. Barabara nayo inasimama. Jibu la hiki ninalijua, limekaa kwenye ncha ya ulimi wangu, jepesi, halina kigugumizi chochote. Ni mkalimani. Lakini nikilisema hapa, litakuwa kweli, na nikilisema itabidi nikumbuke chumba cha daktari, jinsi mimi nilivyojikokota na maneno mengi na yeye akasema machache, na jinsi daktari alivyosema mengi na mimi nikaambiwa, anasema hakuna shida. Nasema, sijui. Mtu wa kijani anainamisha pale ambapo pangekuwa na uso. Anasema, unajua. Nasema, chukua mji, chukua Istanbul.

Chumba cha daktari kinatuzunguka, kiti cha ngozi, dirisha, minara ya msikiti nje ikiwa imesimama kichwa chini. Daktari hana uso. Mimi mwenyewe nimekaa pale na sina uso. Dada anao, amepaka wanja, amekaa kati yetu, na katika mji huu wa kioo Kituruki kinaniingia masikioni kama Kipare cha mama. Ninajisikia nikisema, mwambie da-daktari, kidogo, mililita mia mbili tu, na pi-picha sitaki, naimba kwaya mimi, nina watoto wa shule, mwili wangu usionwe na mtu. Ninamsikia dada akisema, daktari, anakuachia wewe uchague, weka kubwa zinazoonekana, na picha amekubali zote, kabla na baada, na uso pia. Daktari anasogeza karatasi. Anasema, vizuri, tulikuwa tunamtafuta mmoja kama huyu wa kuwaonyesha wateja wa Afrika, basi Jumatatu njoo na wewe uanze kazi, na kibali chako cha kuishi tutakishughulikia. Dada ananigeukia kwa uso ule ule wa dukani Vudee. Anasema hakuna shida, Naki, weka sahihi hapa. Nami ninaweka. Najipigia kelele, acha, usitie, lakini yule wa kwenye kiti ananiangalia bila uso na kumaliza kuandika jina langu mpaka herufi ya mwisho, na maumivu yananishika kifuani kama chuma cha pasi, naamka.

Naamka hotelini, chumba cha ghorofa ya tatu, na dada ananinywesha supu ya dengu kwa kijiko. Siku zinapita, au siku moja inapita mara tano. Nalala chali kwa sababu siwezi kulala ubavu, siwezi kuinua mikono hata kuchana nywele, dada ananichana, ananifunga sidiria ya kubana, anamwaga damu ya kwenye mipira midogo iliyochomekwa kwapani pangu, ananiambia, pole mdogo wangu, mwanzo mgumu. Ukarimu wake unanitia aibu kwa ndoto niliyoota. Siku ya tano bandeji inafunguliwa, nakwenda mbele ya kioo cha bafuni, na jicho langu la ufundi linapima kabla mimi sijataka. Hivi si vya mia mbili. Ngozi imevutwa mpaka inang'aa. Ni kifua cha mwanamke mwingine, mrefu kuliko mimi, kimegandishwa juu ya mbavu zangu. Dada anasema kutoka mlangoni, ni uvimbe huo, utashuka. Anatoka kwenda kununua dawa, na anapotoka anaingia Hodan, mama wa Kisomali anayefanya usafi hapo hotelini, aliyekulia Eastleigh, Nairobi, na ambaye kila asubuhi hunisalimia kwa Kiswahili. Namnyooshea karatasi ya hospitali, iliyoandikwa Kituruki. Anaweka ndoo chini, anafuta mikono kwa aproni. Wacha nikusomee, anasema. Inasema mia nne na hamsini, kila upande. Na hapa chini inasema umekubali wakutumie kwa matangazo. Si ulikubali? Nashindwa kujibu, na Hodan haniharakishi. Anangoja mpaka neno linatoka lenyewe. Ha-hapana.

Dada anarudi na mfuko wa dawa, anaona karatasi kitandani, anavua viatu kimoja kimoja kana kwamba amefika msibani. Namwuliza, uli-ulimwambia nini daktari? Anasema, nilimwambia ulichosema. Nasema, karatasi ina-inasema mia nne na ha-hamsini. Anataka kunimalizia sentensi, mdomo wake tayari umefunguka, nainua mkono, na maumivu yananipasua kwapani lakini siushushi. Anakaa chini. Naki, anasema, kibali changu kinaisha mwezi huu. Miaka tisa. Nirudi Vudee na nini, na hadithi? Walitaka mtu mmoja tu, matokeo yaonekane. Nikajiambia, si alikuwa anataka mwenyewe? Nimekuongezea, mdogo wangu, sijakupunguzia. Nasema, umenipunguzia, dada. Ungeniomba. Anasema, ungekataa. Nasema, ndiyo, ninge-ningekataa, ndiyo maana ya ku-kuomba. Analia, na mkono wangu unataka kwenda kumfuta kama ulivyozoea, naukalia.

Asubuhi Hodan anavua aproni anakwenda nami hospitali, na dada anatufuata nyuma bila kuitwa. Daktari sasa ana uso, uso wa kawaida, wa mtu aliyechoka. Nazungumza mwenyewe. Inachukua muda mrefu. Hodan hasogezi kinywa mpaka nimefika mwisho wa kila neno, kisha analivusha zima. Nasema sikukubali ukubwa huu. Nasema sikukubali picha hata moja. Daktari anamtazama dada, anaitazama karatasi, anachukua kalamu na kukata mistari ya picha na kutia sahihi pembeni, na anasema vifuko alivyoniwekea kifuani vinaweza kubadilishwa, lakini mwili lazima upone kwanza, miezi sita. Kisha anauliza, na huyu aliyetafsiri, alikosea au alijua? Najua neno langu moja litamrudisha nyumbani mikono mitupu. Naweza kusema alikosea. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyenisemea, na sasa mara moja tu niko mimi hapa kumsemea yeye. Nasema, alijua. Sikwami hata kidogo. Dada anasimama, anachukua mkoba wake, anatoka, nami namfuata kwenye ukumbi mweupe uliopigwa deki nikimwita, na kadiri ninavyomwita ukumbi unarefuka, milango inakuwa kuta, na mgongo wake unakuwa mdogo kama wa msichana wa miaka kumi na moja, halafu hauonekani. Kando yangu mtu wa kijani anasema, Kitendawili. Sisemi tega. Nasema, sina mji mwingine wa kukupa. Basi rudi, anasema, na mkono wake unanipiga shavuni, polepole, mara mbili, tatu.

Nakiete. Nakiete. Kofi jepesi, sauti ya muuguzi, dari yenye taa nyingine, mdomo umenikauka kama pamba. Kifua changu kimefungwa bandeji toka kwapani hadi kwapani na kinanilemea, lakini sijui mizigo ya namna hii inalemea kiasi gani, kidogo ni kiasi gani, kingi ni kiasi gani, na hakuna atakayeifungua bandeji hii kabla ya siku ya tano. Dada Namkunda yuko ubavuni, joho la kijani bado limemkaa mwilini, kofia ameivua na nywele zimelala upande mmoja. Macho yake ni mekundu. Anasema, imekwisha, saa moja na nusu tu, umelala kama mtoto. Natafuta mipira kwapani kwa kidole, ipo, lakini ingekuwepo kwa vyovyote. Natafuta Kituruki cha muuguzi masikioni mwangu, nacho ni kelele tupu, hata neno moja siliokoti. Hoteli, supu, karatasi, yule mama aliyeningoja mpaka nikasema, siwezi kuapa kama nimewahi kuwa huko, na siwezi kuapa kama nimetoka. Muuguzi anasema jambo refu. Dada anamwitikia, anatikisa kichwa, kisha ananiinamia anifute midomo kwa kitambaa kilicholoweshwa, taratibu, kwa upendo ambao sijawahi kuupata kwa mtu mwingine yeyote, na mkono wake unaishia hewani.

Mbona unanitazama hivyo, mdogo wangu? anasema. Nimekufanya nini?