Kisima Kinachokunywa Maji

Begi la Weris lilikuwa limeshafungwa, na kila Roda alipolipita pale mlangoni alijisikia kama ametukanwa. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya mawe hapa Garissa mjini, vigae sakafuni, mapazia kutoka Islii, Nairobi, na mama hakutaka hata kuegemea ukuta. Mchana nyumba ilikuwa tanuri. Weris alishasema waziwazi: akisha kula Idi na wajukuu, anarudi Bura kwenye kibanda chake cha mikeka kinachopitisha upepo.

"Nyumba yako ni nzuri, hooyo," alimwambia bintiye, kwa neno la Kisomali ambalo mama na mwana huitana, "lakini mimi si mkate."

Roda alicheka, kisha akaingia jikoni akalia. Ndugu zake wote walikuwa mbali, na yeye alimtaka mama yake hapa, wagombane ana kwa ana kila siku, si kwa simu inayokatika.

Ndipo akamleta Mutinda, fundi wa Mwingi mwenye maneno mengi. Kisomali chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo ikabidi Kiswahili. Weris naye cha kwake alikiokota sokoni enzi za kuuza maziwa ya ngamia, na alikitumia bila woga.

"Hii inaitwa pampu ya joto, mama."

"Bambu ya nini?"

"Ya joto."

Weris akamtazama juu mpaka chini. "Fundi, wewe natoka Mwingi kuniletea joto? Joto ya Garissa imeisha?"

Mutinda akaeleza. Mashine itanyonya joto la chumbani na kulisukuma kwa mabomba hadi chini ardhini, kwenye udongo ambao jua la mchana haliufikii. Stima itatoka kwenye sola za paani. Nchi za baridi huitumia kuingiza joto ndani, na jina lilitoka huko. Weris alisikiliza kwa heshima zote, akasema, "Fizuri, fundi," na hakuamini hata neno moja.

Kisha ukaja mtambo wa kuchimba, na hapo mambo yakaharibika. Garissa mtambo wa namna hiyo una maana moja tu: maji. Vumbi lilikuwa bado halijatulia, na Sharifo, jirani wa ukuta mmoja, alishapanga mitungi yake langoni, mtaa mzima nyuma yake, mikokoteni ya punda ikigombania njia. Roda alikuwa kazini. Weris alipoona umati umejaa mlangoni kwake alifurahi mpaka akasahau joto. Akasahau hata kuuliza mtambo ni wa nini.

"Kila mtu atachota!" akatangaza. "Maji hayanyimwi mtu." Akaamuru chai kwa wote.

Watu wakanywa, wakangoja. Mutinda akashusha shimoni bomba jeusi refu, likaenda chini na kurudi juu. Halafu akavuta mpira kutoka kwenye tangi la nyumba, akaanza kulijaza bomba hilo maji.

Vikombe vya chai vikawekwa chini, shingo zikarefuka.

"Waryaa!" Sharifo akapiga kelele. "Unaweka? Watu nangoja maji, wewe unaweka?"

"Lazima lijae, mama. Yatazunguka humo humo tu."

Maelezo hayakumfaa mtu. Mpaka jua linazama, habari ya kisima kinachokunywa maji ilikuwa imezunguka mji, na walioisimulia walikuwa wakishika mbavu. Roda alimkuta mama yake amesimama katikati ya mitungi mitupu, uso umemshuka.

"Nimewaahidi watu maji, hooyo. Kwa ulimi wangu."

Roda hakubishana. Akapiga simu, boza la maji likaja, na kila mtungi ukajaa hadi mdomoni. Ahadi ya Weris ikasimama. Begi nalo likabaki mlangoni.

Idi ikaliwa. Kesho yake Abdisamad, dereva wa gari la Bura, alitakiwa kumchukua baada ya swala ya alasiri. Mutinda alikuwa amewasha mashine yake asubuhi, na Roda hakuthubutu kuitaja. Sharifo aliingia kuaga mara moja tu, akasimama kwenye tundu la hewa baridi, akafungua mtandio shingoni, na kuondoka kukamshinda. Weris alikuwa akimweleza habari za mbuzi wake wa Bura. Akaegemea ukuta. Maneno yakapungua, yakakatika, na bibi akalala usingizi mzito.

Alasiri honi ikalia nje. Roda aliganda mlangoni, begi miguuni.

Weris akafumbua macho. Mikono alikuwa ameikunja kifuani.

"Roda. Fungua hilo begi."

"Umesahau kitu, hooyo?"

"Nataka blanketi. Liko chini kabisa, toa kila kitu."

Roda akapiga magoti. Akatoa vazi la guntiino, akatoa viatu, akatoa msala, kila kimoja akikiweka kabatini polepole, akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Alipomfunika mama yake, begi lilikuwa tupu. Honi ikalia tena.

"Kamwambie Abdisamad anyamaze, watu wamelala," Weris akasema, akijivutia blanketi hadi kidevuni. "Na yule fundi wako arudi shule. Eti bambu ya joto!"