Maombi ya Kwenye Simu

Mimi si mjinga, tuelewane mapema. Pale usharikani kwetu Sekei, mimi ndiye ninayewafokea akina mama wenzangu wa kikundi kila siku: msimpe mtu namba ya siri. Basi Ijumaa akapiga kijana mwenye sauti ya kiinjilisti. Bwana asifiwe mama, kikundi chenu kimepata mfadhili. Kuna meseji imeingia, nimsomee namba zilizomo, halafu tuombe. Sasa mtu uliyebatizwa ukiambiwa tuombe, unafanyaje? Nilifumba macho. Akaniambia nimkabidhi Bwana kila kitu kwa sauti, mpaka namba ya siri. Nikakabidhi. Kufumbua macho baada ya amina, hela ya mbolea niliyoiweka kwenye simu haipo.

Nilikimbilia ofisi ya mtandao wa simu. Binti wa pale akaifunga laini, tukabadili namba ya siri, akanielekeza polisi nikatoe taarifa. Yote nilifanya. "Na uwaambie wenzako, mama, maana atawapigia na wao." Hilo ndilo lililonishinda. Wifi yangu Anyesi asikie? Angenisimanga mpaka tuzikane.

Jumapili baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao. Mzee Ebenezer alikuwa ananadi mkungu wa ndizi. Anyesi, ambaye kila wiki ananipandia dau makusudi, mara kanyamaza. Simu iko sikioni, macho kayafumba.

Shetani akaninong'oneza: mwache, muwe wawili. Nikamwacha kidogo, sidanganyi. Halafu nikamsikia, "Ee Bwana, namba yangu ni moja, tisa..." Nikampokonya ile simu nikaikata.

"Wifi, una wazimu? Nilikuwa naomba."

"Huyo ni tapeli."

"Umejuaje?"

Mzee Ebenezer akaushusha mkungu chini. Usharika mzima ukanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kwa sababu Ijumaa aliomba na mimi," nikasema. "Hela yote ya mbolea imekwenda."

Nikangoja kicheko. Anyesi hakucheka. Alinishika mkono. Kule nyuma mzee wa kanisa Naftali akakohoa, akasema yeye alipigiwa jana. Mama mmoja wa kwaya akaanza kulia.

Mchungaji akaona hali imekuwa mbaya. Akanyanyua mikono yake miwili, akasema kwa upole, "Wapendwa, tufumbe macho, tuombe."

Hakufumba mtu.