Tuta la Chini ya Dirisha

Wanawake wenzake wa Kalangalala, mwaka ule wa themanini na tatu, walikuwa wanalilia sabuni na sukari. Mwaisha alikuwa analilia maua. Watu walimcheka, na acha wacheke! Uwanja wake ulikuwa kipara chekundu, mvua ikinyesha matope yanaingia hadi sebuleni, na mumewe Majaliwa, mwenye kiduka cha nguo pale sokoni, alikwishamwambia waziwazi kwamba hela ya kuchezea hana.

Haya, hela haipo, mikono ipo. Mawe meupe aliyaokota kwenye malundo ya mgodi wa zamani, akayabeba kwa karai kichwani, akapanga njia kutoka barabarani mpaka mlangoni. Chupa tupu aliziomba kilabu cha pombe, Mwislamu wa watu, hebu fikiria aibu aliyoimeza! Akazichimbia midomo chini na vitako juu, zikawa kingo za matuta. Matawi ya minyaa aliyakata porini akayachomeka kuwa ua, huku akikwepa utomvu usimrukie machoni. Miche ya maua alipewa na jirani yake Mama Serafina, balozi wa nyumba kumi, mama wa Kisukuma mwenye mdomo mkali na mkono wa kutoa. Maji yalikuwa yale ya kuoshea vyombo.

Juhudi yote hiyo ilikuwa na sababu. Mwaisha alikuwa mjamzito. Mimba mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii aliifunika kwa khanga mbili na hakumwambia mtu ila mumewe. Mtoto alikwishaanza kucheza tumboni. Mwaisha alitaka akija akute kwao kunapendeza, basi.

Wakati huo ndipo msako wa walanguzi ulipopamba moto. Mgambo waliingia nyumba kwa nyumba kutafuta bidhaa zilizofichwa. Watu walikuwa wanatupa sabuni chooni na kuchoma vitenge jikoni kwa woga. Mwaisha hakuogopa. Aogope nini, yeye na maua yake?

Akaenda msibani Kharumwa. Aliporudi alikuta maua yote yamesimama, isipokuwa ya tuta la chini ya dirisha la chumbani. Yale yalikuwa yamelala chali.

"Baba, hukumwagilia?" alimuuliza mumewe.

"Nimemwagilia. Ni jua tu hilo."

Jua gani hilo linalochagua tuta? Mwaisha akachukua kijiti, akafukua pembeni. Udongo ulikuwa laini kama uliochimbwa jana. Kijiti hakikwenda mbali, kikagonga chuma. Majaliwa alitoka ndani mbio, akamshika mkono.

"Fukia," alisema. "Mwaisha, nakuomba, fukia."

Lilikuwa pipa, limejaa vitenge vya magendo, mtaji wao wote. Alilizika wakati mkewe yuko msibani, akachomeka maua juu yake, na mizizi ikakosa pa kwenda.

"Litoe!" Mwaisha alisema. "Litoe leo hii!"

"Nilipeleke wapi? Mgambo wako kila njia. Nassibu, mwenzangu wa pale sokoni, walimkamata na majora mawili tu, na mpaka leo mkewe hajui amepelekwa wapi."

Hapo hofu ilimwingia Mwaisha tumboni, palepale alipolala mtoto. Alipanda miche mipya, akazungushia mawe meupe ili nyufa za udongo zisionekane. Usiku hakulala. Kila mbwa alipobweka, aliinuka kitandani akachungulia.

Walikuja asubuhi iliyofuata, mgambo watatu wenye nondo, wakiongozwa na kijana mmoja aitwaye Maduhu. Mama Serafina alikuwa nyuma yao, kwa kuwa nyumba haipekuliwi bila balozi. Walipindua godoro, wakamwaga unga, wakatoka uwanjani na kuanza kuchoma matuta kwa nondo, moja baada ya jingine. Maua yalikatika kama mchicha. Majaliwa alisimama mlangoni, midomo imepauka kama amekula majivu.

Wakafika chini ya dirisha.

"Huu udongo mpya," Maduhu alisema, akainua nondo.

Mwaisha aliyatazama yale mawe meupe aliyoyazungusha mwenyewe, akaona yamekaa kama ya kaburi la mtoto, jasho likamtoka. Mdomo ukamtangulia.

"Kaka, hapo usichome. Kuna mtoto."

Nondo ikabaki juu. Hakuna asiyejua, awe Msukuma au mtu wa pwani, kwamba kichanga kilichotoka kabla ya siku zake hakipelekwi makaburini. Kina mama hukizika kimyakimya ubavuni mwa nyumba, bila matanga, na mwanamume haulizi.

Maduhu akageuka. "Mama Balozi, unayo habari hii?"

Mama Serafina aliitazama miche aliyoitoa kwa mkono wake. Akamtazama Mwaisha, na macho yake yakakaa muda mrefu pale khanga zilipopishana.

"Nilimzika mimi," alisema. "Shusha hilo lichuma lako! Mama yako ana wawili nyuma ya nyumba. Utakwenda kuwachoma na wao?"

Maduhu akavua kofia. "Pole, mayu, pole mama," alimwambia Mwaisha, na wenzake wakasema pole, wakaondoka wakitazama chini.

Mama Serafina alibaki nyuma kidogo.

"Tumbo lako nimeliona siku nyingi," alisema kwa sauti ya chini. "Nimesema uongo kwa sababu yako. Lakini wewe, mwanangu, umemtaja aliye hai kuwa amezikwa."

"Nifanye nini, Mama Serafina?"

"Sijui. Wallahi, kama mnavyosema ninyi, sijui." Akaondoka, na hakuaga.

Mwaisha alikaa kizingitini, kiganja tumboni. Adhuhuri ikafika na mtoto hajacheza. Alikunywa maji ya baridi, akalala ubavu, akainuka, akatembea. Hakucheza. Alisoma kila dua aliyoijua, na zingine alizichanganya.

Alasiri Majaliwa akatoka na jembe, mtu aliyefufuka, mpaka anapiga mluzi! Kuna gari la mkaa linakwenda Katoro, alisema, na dereva ni mtu wake. Akaondoa mawe, akafukua. Kifuniko cha pipa kikaonekana.

"Rudisha udongo," Mwaisha alisema.

"Mama wee, hawarudi leo. Hii ndiyo nafasi yetu."

"Rudisha!"

"Vitaoza, Mwaisha! Ndiyo mtaji wetu wote!"

"Vioze. Nimewaambia watu mwanangu yumo humo. Ukilitoa hilo pipa, kaburi linabaki tupu. Unataka liwekwe nini?"

Majaliwa akaona mkono wa mkewe ulipo, na jinsi alivyokuwa anaubonyeza tumboni. Akaweka jembe chini. Akapiga magoti, akaurudisha udongo kwa mikono, na mawe akayapanga kama yalivyokuwa.

Mwaisha alileta maji ya vyombo, akamwagilia tuta lile peke yake. Kisha akarudi kukaa kizingitini, akarudisha kiganja chini ya khanga, akasubiri. Magharibi iliadhiniwa na mtoto alikuwa bado hajacheza.