Kilichokuwa Chini ya Kiti

Saa moja asubuhi Polepole alikuwa uani kwa bosi wake, amechuchumaa, anasugua spoki za pikipiki kwa mswaki uliokwisha nywele. Tangi lilikwisha kung'aa, madigadi yalikwisha kung'aa, hata kibao cha namba kilikwisha kupanguswa. Jana jioni bosi alimwamuru amwage oili yote ya injini atie ile nzito ya malori, ili injini isigonge wala isitoe moshi mbele ya mnunuzi. Leo akamwamuru aiwashe mapema ipate joto, kwa maana ikilala baridi ilikuwa na deko, haiwaki mpaka mtu atokwe jasho. Polepole aliyafanya yote hayo. Miaka sita aliiendesha kubeba abiria, na kila jioni alimpelekea bosi fungu lake. Kuiosha vile leo kulimpa huzuni.

Jina la Polepole alipewa na wenzake kijiweni mwaka jana, kwa ule mwendo wake wa kobe. Walidhani ni woga wa uzee. Hawakujua kuwa chini ya kiti bomba la fremu lilikatika siku aliyobebeshwa mifuko ya saruji, likachomelewa na kupigwa rangi nyeusi. Sasa ufa ulikuwa umerudi, kando kidogo ya mshono. Juzi aliupima, ukucha ukaingia.

"Hii ikitoka leo, naongeza kidogo nachukua mpya," bosi alimwambia, akiwa na kikombe chake cha chai mlangoni. "Na mpya ataipanda nani kama si wewe? Wewe kazi yako leo ni kunyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite."

Polepole akaitika. Angefanya nini? Ana miaka arobaini na mitatu, mke na watoto watatu, na kijiweni vijana wasio na pikipiki wamejaa, wanagombea hata ya kuendesha nusu siku. Asipoipata hiyo mpya, atarudi kubeba mizigo sokoni, na mgongo wake haukuwa tena wa sokoni.

Mnunuzi alikuja saa mbili, mwanamke wa makamo, mikono myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mwoka mikate. Alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kila alfajiri hukodi pikipiki kusambaza mikate madukani, na tangu petroli ipande waendeshaji nao wamepandisha, na unga umepanda mara mbili mwaka huu, ila mkate ukiupandisha wewe, mteja anakununia. Kwa hiyo amejifunza kuendesha mwenyewe, wiki tatu, kwenye uwanja wa shule. Alipolitaja hilo alitabasamu kidogo, kama aliyeungama kosa.

Bosi akaanza kuisifu pikipiki. Mwanamke hakumsikiliza. Aliweka mgongo wa mkono wake karibu na injini, bila kuigusa, kama afanyavyo mlangoni mwa tanuri lake, akasema, "Imewashwa leo hii. Haijapita hata saa."

Bosi akadai alikuwa ameitumia kufuata maziwa.

"Haidhuru, mzee. Tungoje ipoe."

Akaketi kwenye kizingiti, akangoja. Ala! Bosi alikuwa hajapata kumwona mnunuzi wa namna hii. Alimletea chai, akampa habari za siasa, akamuuliza juu ya mikate. Mwanamke alijibu kwa adabu na hakuondoka. Ilipopoa, aliipiga kiki mwenyewe mara kumi na moja ndipo ikawaka, naye akasema bei ishuke kwa ajili ya hizo kiki, na ikashuka. Alitikisa usukani, akavuta cheni, akabana breki, akainama mpaka shavu likakaribia ardhi kuangalia kama oili inavuja.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," bosi akatania, lakini kicheko chake kilikuwa kikavu.

Polepole alimpenda yule mwanamke, na kumpenda kule kulimtesa. Akaomba moyoni, kila mwanamke alipogeuka, kwamba neno lake linalofuata liwe kiti. Likaja kweli: mwanamke akataka kiti kifunguliwe. Bosi akasema kiti kimefungwa kwa nati, na spana imepotea, na isitoshe wanakwenda ofisi ya ukaguzi sasa hivi, kwa sababu bila cheti kadi haibadilishwi jina. Huko yupo mtaalamu wa serikali, ataifungua mpaka utumbo.

"Basi sawa," mwanamke alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake."

Polepole naye alipumua. Hiyo ndiyo kazi yake! Mkaguzi atafungua kiti, atauona ufa, atakataa, na yeye Polepole atakuwa hakusema neno. Njia nzima aliendesha akiwa amelishika wazo hilo, wale wawili wakifuata kwa pikipiki ya kukodi.

Ofisini walipanga foleni. Dirisha la kwanza likataka nakala ya kitambulisho. La pili likasema nakala hiyo haina muhuri wa dirisha la kwanza. Kisha mtandao ukakatika na watu wote wakaambiwa wakae. Saa saba na nusu ndipo walipofika kwa mkaguzi. Alikuwa anakula njugu. Alitazama nje kupitia dirishani, kwenye pikipiki zaidi ya ishirini zilizoegeshwa juani.

"Ipi?"

"Ile ya tangi jekundu," bosi alisema.

"Ina magurudumu mawili?" mkaguzi aliuliza, akacheka mwenyewe, akagonga muhuri. Hakuinuka. Maganda ya njugu aliyakung'uta kwenye cheti kabla ya kumpa mwanamke.

Walipotoka, mwanamke alikuwa amekishika cheti kwa mikono miwili, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza siku ile. Akaanza kufungua kibindo chake kutoa fedha. Polepole alivuka barabara hadi kwa mziba pancha, akaazima spana namba kumi, akarudi. Akaanza kufungua nati za kiti.

"Unafanya nini?" bosi akauliza kwa sauti ndogo.

Polepole alikinyanyua kiti, akakwaruza rangi kwa ncha ya spana mpaka mshono ukaonekana, akamwita mwanamke. "Dada, weka ukucha hapa."

Mwanamke akauweka. Ukaingia.

"Umeshajitafutia kazi nyingine," bosi alimwambia Polepole, wala hakukasirika, alisema kama anayemtajia saa.

Mwanamke alirudi ndani na cheti chake. Walimwona dirishani akieleza kwa vidole, na mkaguzi akitikisa kichwa. Alipotoka alisema ameambiwa cheti kinasema nzima, kwa hiyo ni nzima. Akitaka ikaguliwe tena alipe upya, apange foleni upya. Polepole alimngojea aseme anarudi kwake. Alikwisha hata kujifariji: kazi imekwenda, lakini roho ya mtu imepona.

Mwanamke alimgeukia bosi.

"Sasa kwa ufa huo, unapunguza ngapi?"

Polepole akadhani hakuelewa. Akamweleza tena, polepole, kwamba bomba hili likikatika pikipiki inajikunja katikati na mtu yumo juu. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa, kaka. Nimezunguka miezi minne. Inayofuata kwa bei ni mara tatu ya hii. Maduka mawili yamekwisha kunikataa, mikate inafika imechelewa."

Wakapatana ipungue robo ya bei. Bosi alihesabu fedha, akamkabidhi kadi, akaondoka bila kuaga. Polepole akafunga kiti, akazikaza nati zote mbili kwa nguvu zaidi kuliko zilivyohitaji, akampa ufunguo.

"Inaweza kubeba trei ngapi?" mwanamke akamuuliza.

Ukweli ulikuwa sifuri. "Nne," alisema.

"Naoka kumi na mbili. Nikibeba nne nne, faida yote inaishia kwenye petroli." Alifikiri, akamtazama usoni, akashusha sauti vile watu washushavyo wakitaka kupunguziwa. "Fanya nane, kaka."

"Tano."

"Saba basi. Barabara yenyewe ni tambarare."

Polepole alikuwa amechoka, na jua lilikuwa kali, na yule mwanamke alikuwa anamngojea.

"Haya," alisema. "Sita."

Mwanamke akamshukuru sana.