Baba Ndani ya Kinu

Saa nne kasoro, kabla ya chai, binti wa kinu cha kusagia udongo alizima mashine, akalegeza skrubu sita, akafunua kifuniko. Udongo mweupe ulikuwa umesagwa siku tatu mfululizo, laini hata ukauponyoka mkono kama moshi. Juu yake alikuwa ameketi baba yake, aliyezikwa mwaka juzi, kimo chake kama njiti ya kiberiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Wa kuniambia mimi ni wewe?"

Mzee akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Kilikuwa kilekile alichotoka nacho machimboni, baada ya miaka kumi na saba ya kuchimba udongo huuhuu, wa bei ya bure.

Mtaalamu wa kiwanda akaja na rula, akampima mzee, akaandika daftarini. Udongo bado, alisema. Chembe zake zinatakiwa ziwe vijibomba ambavyo jicho halivioni, ndipo zitengeneze machujio ya barakoa yasiyopitisha vumbi hata kidogo.

"Saga tena. Mzee mtoe kwanza."

Binti akamweka kwenye kisahani, akainama.

"Baba, kile kitambaa chako cha kufungia pua..."

Ofisi ya machimbo ilitoa kimoja tu kwa mwaka. Kila jioni binti alikifikicha kwa nguvu zake zote, watu wasije wakasema mzee yule hana binti nyumbani. Kikawa cheupe pe. Kikawa pia chepesi, ukikiinua unaliona jua.

"Niliona kimeisha, baba. Nikaendelea kufikicha."

"Kilikuwa kinanukia sabuni," mzee akasema. "Pale shimoni hakuna aliyenukia kama mimi." Akatazama juu. "Lilia kule. Utanizamisha."

Akaenda kulia dirishani, akarudi, akafunga skrubu sita.

Jumamosi machujio yalipakiwa kwenye maboksi, gari likayapeleka mbali, kwa wenye uwezo wa kuyanunua. Jumatatu wachimbaji walipanga foleni, wakapewa kitambaa kimoja kimoja cha mwaka. Binti wa kinu naye akapokea chake, akatia sahihi.

Jioni alikiloweka bila kukifikicha. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni, miguu ikining'inia, akisimamia kazi.

"Taratibu," alisema. "Hivyo hivyo."

Mzee akakohoa. Binti naye akakohoa, akakianika kitambaa.